Batani ya TOA

Jumatatu, 29 Septemba 1997

Leo nimeringa, na kesho nitaringa tena. Dirisha limekubali.

Wacha nieleze vizuri, maana nikilisoma daftari hili uzeeni nitakuwa nimesahau. Zahanati ya kanisa hapa Kikima, ninapofanya kazi, ina kompyuta moja, na ndani yake kuna programu ya wagonjwa wa kifafa iliyoachwa na daktari mgeni aliporudi kwao. Ni programu nzuri lakini kali. Ukiifungua unakuta skrini nyeusi na kistari kinapepesa, kinangoja uandike amri kwa Kiingereza. GIVE na namba ya mgonjwa akishapewa vidonge. ADD akiwa mgeni. REMOVE akifa au akihama. ORDER mwisho wa mwezi, ihesabu wagonjwa waliomo na kuchapa dawa ya kuagiza Machakos. Kosea herufi moja tu, itakukaripia kama askari wa chifu.

Sasa mimi nimeandika programu ya kukaa mbele ya ile. Naipa faili fupi, kila mstari una amri ya Kiingereza na neno lake la Kiswahili, nayo inajichorea dirisha, batani moja kwa kila amri. Mtu anaandika namba, anabonyeza batani, kwisha. Huko nyuma programu ya daktari inafanya kazi yake ya siku zote, haijui hata kama imevalishwa nguo. Nimeweka INGIZA, PEANA, TOA na AGIZA. Dirisha limenichukua karibu miezi miwili. Maneno yenyewe niliyachagua nikinywa chai.

Mwenyekiti wa kamati, Mzee Mutiso, mwalimu mkuu mstaafu, alikuja kuliona. Alijaribu kumwingiza mgonjwa mpya, na programu ya daktari, kwa tabia yake, ikauliza kama ana hakika: Y au N. Inauliza hivyo kwa kila amri. Mzee akakwama, akaniangalia kana kwamba nimemtega. Kwa hivyo jioni nimeliambia dirisha lijibu Y lenyewe, mtu asione swali lolote, aone neno TAYARI tu. Limekuwa laini kama siagi.

Jumatano, 1 Oktoba

Jumatano ndiyo siku ya kifafa, kila mgonjwa huja mara moja kwa mwezi. Sista Ndinda amemaliza foleni kabla ya chai ya saa nne, na zamani ilikuwa inamfikisha mchana. Yeye ni nesi kamili, mzaliwa wa Kasikeu lakini alisomea uuguzi Mombasa na kufanya kazi huko miaka mingi, na Kiswahili chake kinatufanya sisi wengine tujikune kichwa. Nilitaka kumfundisha zile batani, akasema, si ni Kiswahili, yeye anajua kusoma. Nikafurahi sana, maana hilo ndilo lililokuwa lengo langu. Akauliza lile swali la Y limekwenda wapi. Nikamwambia siku hizi linajijibu.

Jumatano, 8 Oktoba

Vumbi. Foleni fupi. Hakuna jipya.

Jumanne, 14 Oktoba

Mvua imeanza, na kwa hasira. Mwaitu, mama yangu, amepanda kunde na mbaazi na ananilaumu kwamba kompyuta haipalilii shamba.

Jumatatu, 20 Oktoba

Sikukuu. Nimepalilia. Mgongo unauma.

Ijumaa, 31 Oktoba

Nimebonyeza AGIZA mwenyewe. Printa imelia kidogo tu ikanyamaza, karatasi moja. Miezi mingine hutoka tatu. Nikawaza, dirisha langu limepanga mambo vizuri, halipotezi karatasi. Mzee Mutiso ametia sahihi na gari limeipeleka Machakos.

Jumatano, 5 Novemba

Mvua ya Elinino, ndivyo redio inavyoiita. Stima imepotea tangu Jumatatu. Sista ametoa dawa kwa kutumia zile kadi za zamani, na akiba ya vidonge imekwisha.

Jumatano, 12 Novemba

Sijui nianze wapi.

Jana gari la dawa lilifika, lilikuwa limekwama ng'ambo ya mto siku nyingi. Sanduku lilikuwa dogo. Sista alilifungua, akatazama ndani, akatazama nje kwenye gari kama kuna lingine. Alikwenda kwa Mzee Mutiso, na Mzee akamjibu kwamba kompyuta ndiyo iliyoagiza na kompyuta inajua hesabu kuliko sisi.

Leo stima imerudi. Watu walikuwa wamejaa barazani wameloa. Sista akaandika namba ya mgonjwa wa kwanza. HAKUNA. Akaandika ya pili. HAKUNA. Ya tatu ikapatikana, halafu HAKUNA tena, HAKUNA tena. Akaniita. Nilisimama nyuma ya kiti chake, na kabla sijamuuliza kitu nilikuwa nimeshaanza kujua. Nilimuuliza hata hivyo.

"Sista, ukishampa mtu dawa, unabonyeza ipi?"

"TOA. Si nimetoa dawa?"

"Na PEANA?"

"Hiyo nilijua ni ya kupeana mgonjwa kwa zahanati nyingine. Kupeana si mpaka wawe wawili?"

Ndiyo. Kule Mombasa kupeana ni mpaka wawe wawili. Huku kwetu mtu anapeana sukari, anapeana mkono, anapeana dawa, na mimi ni wa huku, sikuwaza kwamba kuna mtu wa Mungu anayeweza kulisoma vingine. TOA yangu ilikuwa REMOVE. Oktoba yote, kila mgonjwa aliyepewa vidonge na mkono wa huyu mama alifutwa na batani yangu, na mwisho wa mwezi AGIZA ikahesabu wale waliobaki, yaani wale ambao hawakuja. Na programu ya daktari iliuliza. Kila mara iliuliza kama ana hakika, na mimi nikajibu Y badala yake.

Hapo ndipo ningesema. Mlango ulikuwa wazi, alikuwa ananitazama. Nikasema, "Sawa, nitaangalia."

Akaanza kuwagawia watu nusu dozi. Aliwaomba radhi mmoja mmoja.

Alhamisi, 13 Novemba

Nimerekebisha. Nilikuwa na disketi ya Septemba, nimewarudisha wagonjwa wote. Ile TOA sasa inaitwa FUTA MGONJWA, na PEANA inaitwa TOA DAWA. Agizo jipya litakwenda mwisho wa mwezi na litakuwa kamili. Hakuna haja ya kusumbua watu.

Nimelala mchana. Mwaitu anadhani nina malaria.

Jumamosi, 15 Novemba

Kumbe kurekebisha kimyakimya ni kuharibu mara ya pili.

Mzee Mutiso alikuja na nakala ya ile karatasi moja ya Oktoba akaniambia nimchapie orodha ya leo. Printa ililia ikalia, karatasi tatu. Akaziweka mezani, moja huku, tatu huku, akazitazama kama anasahihisha mitihani. Wagonjwa wameongezeka hivi kwa wiki mbili, tena mafuriko yakiwa kila mahali? Akasema amesikia kuna vidonge vinauzwa soko la Kasikeu, na Kasikeu ni kwao nani? Akauliza ni nani huingiza majina kwenye mashine.

Nilimwambia anayetumia kompyuta ni Sista.

Si uongo. Nimeliandika hapa nilione vizuri, na bado si uongo, na natamani lingekuwa uongo, maana uongo ningejua namna ya kuutubu.

Jumatatu, 17 Novemba

Kiema, yule fundi wa baiskeli mkabala na posho mill ya kusaga unga, ameanguka leo asubuhi. Miaka miwili hakuwa ameanguka hata mara moja, wateja wengine hawakujua kama ana ugonjwa. Alikuwa anabandika kiraka, jiko la moto liko mbele yake, akaliangukia. Mkono wa kulia. Walimleta kwa mkokoteni wakipita kwenye tope, na Sista akamfunga huku akimwambia, "Pole baba, pole, ni mimi nilikupa nusu."

Nilikuwa nimeshika beseni la maji. Nililishika tu.

Jumanne, 18 Novemba

Kamati imemsimamisha kazi Sista Ndinda. Mzee Mutiso alimwambia kuna njia mbili: ama ameuza dawa, ama ni mzembe, achague. Sista akasema hakuuza. Wakamwuliza, basi kompyuta imedanganya? Aliitazama mikono yake. Halafu akasema kompyuta haina sababu ya kudanganya, kwa hivyo huenda yeye ndiye aliyekosea namba, ingawa hakumbuki.

Niliitwa niandike mambo ya mkutano. Nimeandika kwa mwandiko mzuri.

Jumatano, 19 Novemba

Nesi wa kuazima. Vidonge vimekwisha kabla ya foleni.

Ijumaa, 21 Novemba

Mvua. Daraja limekwenda.

Jumapili, 23 Novemba

Leo, baada ya mahubiri, mchungaji aliuliza kama kuna mwenye neno. Sista Ndinda akasimama. Alikuwa amevaa ile suti yake ya bluu ya Chama cha Kina Mama, na kitambaa kimepigwa pasi. Akaenda mbele, akasema ametubu mbele ya Mungu na sasa anatubu mbele ya watu. Kwamba alipewa kazi ya kutunza wagonjwa akaifanya kwa uzembe, na kwa uzembe wake Kiema ameungua. Kwamba amejichunguza usiku na mchana hajaona ni wapi mkono wake ulipokosea, na kutoona kwenyewe ameona ni ugumu wa moyo. Akaomba asamehewe hata kwa asilolijua.

Kiema alikuwapo, mkono umefungwa kama mkate. Alikuwa analia.

Mchungaji akaanzisha wimbo wa kumpokea mwenye kutubu, kanisa zima likasimama, wamama wakaenda kumkumbatia. Na mimi nikasimama. Niliimba. Niliimba ubeti wote wa pili, sauti ya tatu, ile ninayoimbaga kwaya, na sikukosea noti. Mungu anisaidie, sijui ni mtu gani huyo aliyekuwa anaimba.

Mwaitu alisema njiani kwamba yule mama ana moyo mkubwa. Nikamwambia anyamaze. Sijawahi kumwambia mama yangu anyamaze.

Jumatatu, 24 Novemba

Sista amefungasha, amerudi kwao Kasikeu.

Jumatano, 26 Novemba

Sikuenda kazini. Nilisema ni tumbo.

Ijumaa, 28 Novemba

Wageni kutoka Kitui wamefika, wamezunguka njia ya mbali kwa sababu ya daraja. Wana zahanati zao huko na wanataka dirisha hili hili, kila moja. Mmoja akaniuliza siri yake ni nini. Mzee Mutiso akanijibia: "Siri ni kwamba mtu hahitaji kufikiri." Wakacheka, tukala chapati na nyama ya mbuzi. Nilikula mpaka nikatapika nyuma ya choo.

Jumapili, 30 Novemba

Nimekwenda kwa Mzee Mutiso nyumbani kwake, mlimani, nimeteleza mara nyingi hata nikafika kama nguruwe. Nikamwambia yote. PEANA, TOA, ile Y, disketi, yote. Nilimaliza sina pumzi.

Mzee alivua miwani akaifuta. Alikuwa na machozi. Akaniwekea mkono begani akasema, "Musembi, vijana wa siku hizi hawana roho kama yako. Unataka kumbebea mama wa watu mzigo wake."

Nikamwambia hapana Mzee, mzigo ni wangu. Akasema ndivyo wasemavyo wote wenye roho hiyo. Akaniambia kosa haliwezi kuwa la mashine kwa sababu mashine ilifanya kazi kwa mwezi mzima bila kelele, na Sista mwenyewe amekiri mbele ya kanisa. Mke wake akaniletea chai na ndizi. Waliomba pamoja na mimi, wakamshukuru Mungu kwa ajili yangu.

Ungeniona ninavyoshuka ule mlima. Nilikuwa nikijisemea kwa sauti. Kuna watu wameniona.

Jumatatu, 1 Desemba

Agizo kamili limekwenda Machakos. Leo nimerudisha dirisha la zamani kwenye kompyuta, vile vile lilivyokuwa Oktoba. Wagonjwa wako salama kwenye disketi mbili.

Jumanne, 2 Desemba

Kamati ilikutana. Nikasimama nikasema sitaandika mambo ya mkutano mpaka waje chumba cha kompyuta. Mzee Mutiso alianza kuwaeleza juu ya roho yangu nzuri, nikamkata maneno, jambo ambalo huku kwetu halifanywi. Wakaja. Walisimama wanne nyuma na Mzee nikamkalisha kwenye kiti cha Sista.

Nikamwambia: "Mzee, mimi ni Kiema. Nimekuja, umenipa vidonge vyangu. Iambie kompyuta umenipa."

Nikamwandikia namba ya Kiema. Mzee akashika mausi kwa mikono miwili. Akaisoma PEANA, akatikisa kichwa, akatoa hotuba fupi kwamba hicho si Kiswahili sanifu, aliwahi kuwachapa watoto kwa kusema "peana", kwamba mtu hutoa, hapeani. Na akabonyeza TOA. TAYARI, ikasema kompyuta.

"Sasa mtafute Kiema," nikamwambia.

HAKUNA.

Alimtafuta tena. Aliandika namba kwa kidole kimoja, taratibu, akisoma kila tarakimu. HAKUNA. Nikafungua ile skrini nyeusi ya daktari nikamwonyesha swali lenyewe linavyokuja, kwa Kiingereza, REMOVE, una hakika, na nikamwonyesha mahali nilipoandika Y.

"Ungeniuliza," akasema Mzee. "Ningejibu N."

Nikamwambia hata Sista angejibu N.

Wameamua arudi. Dirisha haliendi Kitui. Juu yangu wataamua Januari. Wameniambia niende Kasikeu nikamwite, na mmoja wao akasema afadhali aende mtu mzima. Nikasema naenda mimi.

Alhamisi, 4 Desemba

Nimefika Kasikeu mchana, kwa lori mpaka mtoni na kwa miguu kutoka hapo. Sista alikuwa shambani anapalilia kunde, amefunga leso kiunoni, hata sikumjua kwa mbali. Alinikaribisha kama mgeni wa heri, akataka kwenda kunipikia. Nikamwomba asiende popote.

Nilimwambia tukiwa tumesimama mistari miwili ya kunde katikati yetu. Nilimwambia kwa Kikamba, maana Kiswahili changu sikukiamini tena. Hakunikatiza. Nilipomaliza alikaa chini kwenye udongo uliolowa.

"Kwa hivyo si mimi," akasema.

"Si wewe, Sista."

"Nilikuwa nimeanza kuuogopa mkono wangu. Nikimwekea mtoto wa dada yangu uji, namwambia mama yake aonje kwanza."

Nilipiga magoti. Akaniambia niinuke, nitavunja kunde. Akauliza nililijua lini, nikamwambia, ile Jumatano tu, nilipokuwa nyuma ya kiti chake. Alihesabu kimya, nikaona anavyohesabu, Jumatano, Jumatatu ya Kiema, Jumanne ya kamati, na nikaona alipofika Jumapili. Hakuuliza nilikuwa nimekaa wapi siku hiyo. Alisema atarudi kabla ya Jumatano kwa sababu ya wagonjwa. Akasema kamati wasimwandalie chai yoyote.

Nikamwuliza mimi nifanye nini. Aliinuka, akashika jembe lake.

"Mimi nilisema mbele ya watu," akasema. "Wewe umeniambia kwenye kunde."

Jumapili, 7 Desemba

Mchungaji alipouliza nani ana neno, nilikuwa nimeshasimama.

Nimesema kwa Kikamba, polepole, ili hata akina susu, nyanya zetu walio nyuma, wasikie. Habari za kompyuta watu hawakuzielewa sana, kwa hivyo niliziacha nikasema hivi: kwamba Sista Ndinda alitubu dhambi ambayo ni yangu, na mimi nilijua, na nikaimba. Kiema alikuwa mstari wa mbele. Nilimwangalia yeye nilipotaja mkono, kwa sababu ni wake. Aliangalia chini. Daktari anasema vidole viwili havitakunja tena, na fundi wa baiskeli bila vidole hivyo sijui ni fundi wa nini.

Nilimaliza. Mvua ilikuwa inapiga juu ya mabati. Halafu mchungaji, ambaye ni mtu mwema, akaanzisha ule wimbo, kanisa likainuka, na wamama wakaja kunikumbatia, Mwaitu akiwa wa kwanza. Mzee Mutiso aliimba amefumba macho. Hata Kiema alisimama.

Sista Ndinda alikuwa pale pale kwenye benchi la kina mama, ndani ya ile suti ya bluu. Alibaki amekaa. Hakuimba. Alinitazama tu mpaka wimbo ukaisha.